Kipi Kibadilishwe Kwanza? Uchambuzi wa Redio ya Sebuleni kwa Mfuko wa Muheza

Machungwa yakishauzwa Muheza, fedha huwa na wadai wengi. Kuna ada za watoto, kuna bati za kumalizia banda la uani, kuna daftari la mkopo dukani. Zikisalia chache, mwenye nyumba huanza kuitazama redio yake kwa jicho la lawama. Anapanda gari hadi Tanga na kuzunguka maduka ya Ngamiani, au anamwagiza ndugu anayekwenda Kariakoo, na kabla ya wiki kwisha sebuleni kuna sabufa mpya yenye taa za rangi na maandishi ya maelfu ya wati. Besi inatikisa vikombe kabatini. Siku zinavyokwenda anagundua jambo la kushangaza: maneno ya mwimbaji anayempenda hayasikiki vizuri kama yalivyokuwa yakisikika kwenye redio kaseti ya marehemu baba yake.

Kifaa hicho hakina ubovu wowote. Fedha ndiyo iliyowekwa mahali ambapo haikuhitajika. Sauti hupita vituo sita kabla ya kumfikia msikilizaji: rekodi yenyewe, kifaa kinachoisoma, amplifaya inayoikuza, spika inayoitoa hewani, chumba kinachoirudisharudisha, na umeme unaoviendesha vyote. Kila kituo kina namna yake ya kuipunguza au kuiharibu. Mwenye fedha nyingi anaweza kubadilisha vyote kwa mkupuo. Mwenye fedha chache inambidi ajue sauti yake inapotelea wapi, na kati ya hapo, ni wapi panapotengenezeka kwa gharama anayoimudu. Makala haya yanapitia vituo hivyo kimoja kimoja, kwa kuzingatia nyumba, hewa, umeme na muziki wa ukanda huu wa Tanga.

Ubishi wa zamani

Wapenzi wa redio duniani wamebishana juu ya suala hili kwa zaidi ya miaka hamsini. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Ivor Tiefenbrun, mwanzilishi wa kampuni ya Linn ya Scotland, alitengeneza gramafoni iitwayo Sondek LP12 na kuhubiri kwamba fedha ianzie kwenye chanzo. Hoja yake ilikuwa nyepesi: kilichopotea kwenye sindano ya santuri hakuna amplifaya wala spika itakayokirudisha. Nchini Kanada mtafiti Floyd Toole, aliyefanya kazi katika Baraza la Taifa la Utafiti la nchi hiyo tangu mwaka 1965, alifuata njia nyingine. Aliwaketisha watu nyuma ya pazia, akawapigia spika mbalimbali bila kuwaambia jina wala bei, na akawataka watoe alama. Walipokosa jina la kuwaongoza, wasikilizaji wengi walikubaliana kwa kiasi kikubwa juu ya spika iliyo nzuri: ile inayotoa sauti nene, za kati na nyembamba kwa uwiano, pasipo kuipendelea mojawapo. Kwake yeye, spika na chumba ndivyo vyenye tofauti kubwa kuliko vyote.

Wote wawili wana haki, ila kila mmoja kwa zama zake. Gramafoni ni mashine ya kusugua sindano kwenye mfereji wa plastiki. Inatetemeka, inayumba mwendo, inaokota vumbi, kwa hiyo ubora wa chanzo ulitofautiana sana kutoka mashine hadi mashine. Kaseti, iliyoletwa na Philips mwaka 1963, nayo ilitegemea mwendo wa utepe na usafi wa hedi inayousoma. Hali iligeuka CD ilipoingia sokoni mwaka 1982, ikiwa na vipimo 44,100 vya sauti kila sekunde, vinavyotosha kubeba sauti zote ambazo sikio la binadamu linazisikia. Leo simu ya kawaida husoma faili la sauti kwa usahihi ambao gramafoni ya bei mbaya ya wakati ule isingeufikia. Kisomaji kimekoma kuwa tatizo. Hata hivyo kanuni ya Tiefenbrun haijafa, imehamia mahali pengine: chanzo cha sasa ni faili, na faili nyingi zinazozunguka Muheza zina hali mbaya.

Nakala ya nakala

Tuchukue muziki ambao Tanga inajivunia. Atomic Jazz na Jamhuri Jazz zilikuwa bendi za magitaa yanayoongea, moja likiuliza na jingine likijibu. Katika Jamhuri Jazz walipitia Wilson na George Kinyonga, ambao baadaye walikwenda Arusha, kisha Kenya walikounda Simba Wanyika. Upande wa taarabu, Black Star na Lucky Star ziliingiza gitaa la umeme na gitaa la besi katika muziki uliozoea udi na fidla, na sauti ya Shakila Said, aliyefariki mwaka 2016, ikaenea pwani yote. Nyimbo nyingi za enzi hizo zilirekodiwa kwa njia moja tu ya sauti, ama katika studio ya Radio Tanzania Dar es Salaam, ama kwa lebo za Kenya kama Mzuri ya Mombasa.

Njia iliyozifikisha kwenye flashi ya leo ni ndefu. Santuri ilinakiliwa kwenye kaseti, kaseti ikanakiliwa kwenye kaseti nyingine, ya tatu ikaingizwa kwenye kompyuta na mtu asiyesafisha hedi, faili likabanwa ili lisile nafasi, likapandishwa mtandaoni, likashushwa, likabanwa tena. Kila hatua ilipunguza sauti nyembamba na kuongeza mchakacho. MP3 ya kilobiti 128 kwa sekunde huchukua karibu megabaiti moja kwa dakika, wakati CD huchukua kama megabaiti kumi. Kwa sikio la kawaida, MP3 iliyotengenezwa vizuri kwa kilobiti 320 haitofautiani sana na CD. Iliyobanwa mara mbili au tatu hutambulika haraka: matoazi yanasikika kama maji yanayochemka, na herufi s na sh zinatoka na mluzi.

Wapo vijana wa vibanda vya nyimbo wanaomwambia mteja kwamba wamelipandisha faili hadi kilobiti 320. Ukubwa wa faili unaongezeka kweli, ila sauti haiongezeki hata chembe. Chicha iliyokwisha kukamuliwa haitoi tui zito hata ukiitia kwenye sufuria kubwa zaidi.

Kwa hiyo hatua ya kwanza yenye thamani ni kutafuta nakala iliyo karibu na rekodi ya asili. Mfululizo wa Zanzibara wa kampuni ya Buda Musique ya Ufaransa, ulioanza mwaka 2005 chini ya uangalizi wa Werner Graebner, ulirudi kwenye rekodi za zamani za taarabu na dansi za Afrika Mashariki na kuzitoa upya kwa uangalifu. Huduma halali za muziki mtandaoni nazo zina nyimbo nyingi za Simba Wanyika na wenzao zikiwa safi kuliko zile za flashi za mitaani. Gharama yake ni bando na subira. Anayebadilisha spika kabla ya kubadilisha faili atazisikia kasoro za faili lake kwa uwazi zaidi kuliko awali.

Wenye kaseti zao za asili wana bahati, mradi hazijaota ukungu. Hedi ya redio kaseti isafishwe kwa pamba na spiriti. Pembeni mwa hedi kuna skrubu ndogo inayorekebisha mkao wake, na fundi mwenye sikio anaweza kuizungusha taratibu huku kaseti inalia mpaka sauti nyembamba ifunguke. Kazi hiyo peke yake hurudisha maneno ambayo mwenye redio alidhani yamefutika.

Spika ndiyo mdomo

Baada ya faili safi, hakuna kituo kinachotofautiana kwa ubora kama spika. Amplifaya mbili za kawaida zikipimwa, tofauti ya uwiano wa sauti zake ni ndogo mno. Spika mbili zikipimwa, moja inaweza kuzidisha besi maradufu na kuificha sauti ya mwimbaji, huku nyingine ikifanya kinyume. Sababu ni kwamba amplifaya inashughulika na umeme, wakati spika inasukuma hewa kwa karatasi na sumaku, na kazi ya kusukuma hewa ni ngumu.

Hapa ndipo sabufa nyingi za kisasa zinapomwangusha mpenzi wa taarabu. Seti ya kawaida ina sanduku moja kubwa la besi na spika mbili au zaidi ndogo za pembeni zenye koni zisizozidi ukubwa wa kiganja. Sanduku hufanya kazi kwenye sauti nene kabisa, spika ndogo hufanya kazi kwenye sauti nyembamba, na katikati panabaki pengo. Sauti ya binadamu inaishi palepale katikati. Irabu za mwimbaji wa kike huanzia kama mitetemo 200 kwa sekunde, na konsonanti zinazotofautisha neno na neno hupanda hadi maelfu kadhaa. Taarabu ni sanaa ya maneno, ya fumbo na kijembe. Ukisikia mdundo bila kusikia neno, umekosa ule utamu wenyewe. Hivyo hivyo kwa kaswida, kwa mawaidha, kwa kwaya, na kwa magitaa ya dansi yanayofumana katika sauti ya kati.

Mwenye sabufa nzima hana haja ya kuitupa. Nyuma ya sanduku lake kuna matundu ya waya za spika za pembeni. Akiziondoa zile ndogo na kuunganisha jozi ya spika za rafu zenye koni ya inchi tano au sita na twita ya sauti nyembamba inayofanya kazi, pengo la katikati linaanza kuzibika. Sharti moja tu la kuangalia ni ukinzani unaoandikwa kwa omu. Spika mpya ziwe na omu sawa na za zamani au zaidi. Zikiwa pungufu, amplifaya ya ndani itabeba mzigo usio wake na kuungua.

Spika za mtumba zinazotoka Ulaya na Ghuba, na kufika kupitia Unguja, Mombasa na Dar es Salaam, ndizo zenye thamani kubwa kwa shilingi, ila zinataka ukaguzi. Kwanza tazama mduara laini unaoishikilia koni kwenye fremu. Ukiwa wa sponji, jua kwamba sponji huoza kwa miaka na joto na unyevu wa pwani huharakisha. Ukiwa wa mpira au kitambaa, una maisha marefu. Pili, isukume koni ndani kwa vidole vya pande zote mbili kwa usawa. Ikikwaruza, koili imepinda au imeungua. Tatu, gusisha betri ndogo ya volti 1.5 kwenye waya zake: koni nzima inaruka kidogo na kutoa mlio mfupi. Isiporuka, waya umekatika ndani. Fundi anayejua kusuka koili na kubadilisha koni anaweza kuifufua, lakini bei ya kazi hiyo iingie kwenye hesabu kabla ya kulipa, maana koni isiyo ya asili hubadilisha sauti.

Wengine hupendelea kununua spika tupu na kumpa seremala kazi ya sanduku. Muheza haina uhaba wa mbao. Shamba la mitiki la Longuza liko wilayani humo humo. Hata hivyo uzuri wa mbao kwa macho ni jambo tofauti na kazi yake kwa sauti. Neville Thiele wa Australia na Richard Small walionyesha, katika miaka ya 1960 na 1970, kwamba kila spika ina ujazo wa sanduku unaoifaa, na kwamba tundu la mbele likikosewa urefu au upana, besi inageuka kishindo kisicho na noti. Sanduku linatakiwa kuwa zito, lisilovuja hewa, lenye mbao za kulikaza ndani. Plywood nzuri inavumilia unyevu wa hapa kuliko chipbodi, ambayo hufura na kumeguka pembeni. Anayetaka njia hii anakili vipimo vya sanduku la spika ile ile lililotoka kiwandani. Kubahatisha ni kuharibu mbao.

Hesabu ya wati

Kabla ya kulipia amplifaya kubwa, tuiangalie namba inayouza redio kuliko zote. Maandishi makubwa ya mbele hupimwa kwa namna inayoitwa PMPO, ambayo kila kiwanda kinaihesabu kinavyopenda. Ukweli uko nyuma, kwenye kibandiko kidogo kinachosema kifaa kinatumia wati ngapi za umeme. Sanduku likijitangaza kwa wati 10,000 huku kibandiko kikisema linakula wati 60, basi hakuna muujiza utakaolifanya litoe zaidi ya hizo 60 kwa mfululizo, na sehemu yake hupotea kama joto. Namba inayoaminika ni ile yenye herufi RMS.

Hata wati za kweli hazifanyi kazi kama watu wengi wanavyodhani. Kuzidisha wati mara mbili huongeza sauti kwa desibeli 3 tu, ongezeko ambalo sikio hulitambua kwa shida. Ili sauti isikike kubwa maradufu, inahitajika nguvu karibu mara kumi. Kwa upande mwingine, spika zenyewe hutofautiana katika kuugeuza umeme kuwa sauti. Yenye desibeli 90 kwa wati moja ikilinganishwa na yenye desibeli 84, tofauti ni desibeli 6, sawa na kuzidisha amplifaya mara nne. Amplifaya ya wati 20 kwenye spika ya kwanza italia sawa na ya wati 80 kwenye ya pili. Anayetaka sauti kubwa kwa fedha ndogo atafute spika nyepesi kuendeshwa kabla ya kutafuta amplifaya nzito.

Kuna wakati amplifaya inastahili kubadilishwa. Ikiwa inakwaruza hata kitasa cha sauti kikishasafishwa, ikiwa inanguruma bila wimbo, au ikiwa sauti inapasuka kila inapofika nusu, ni wakati wake. Kupasuka huko ni hatari. Amplifaya ndogo inayolazimishwa hukata vilele vya mawimbi na kutupa nguvu nyingi kwenye sauti nyembamba, na twita huungua kwanza. Watu husema wati nyingi zimeua spika, kumbe mara nyingi ni wati chache zilizokamuliwa kupita kiasi, pamoja na kile kikuza besi cha simu kilichowashwa mpaka mwisho.

Kwa nyumba za vijijini zinazotumia sola, kuna jambo jipya lenye faida ya kweli. Amplifaya ndogo za daraja D hufikisha sehemu kubwa ya umeme wake kwenye spika, kwa kiwango kinachoweza kuzidi asilimia 80, na huendeshwa kwa volti 12 za betri ya gari. Zile za kizamani hupasha joto chumba hata zikilia kwa sauti ya chini. Palipo na umeme wa gridi tofauti hiyo haiumizi sana: redio inayokula wati 60 kwa saa tano kwa siku hutumia uniti 9 kwa mwezi. Kwenye betri, ni tofauti kati ya muziki hadi saa nne usiku na giza saa mbili.

Chumba cha futi kumi kwa kumi

Kituo kinachosahaulika kuliko vyote hakiuzwi dukani. Vyumba vingi vya nyumba zetu hujengwa kwa futi kumi kwa kumi, yaani kama mita 3.05 kila upande. Kwa joto la pwani, wimbi la sauti linalotoshea mara moja kamili kwenda na kurudi kati ya kuta hizo lina mitetemo 57 hivi kwa sekunde. Waya wa A wa gitaa la besi, ukipigwa bila kubanwa, una mitetemo 55. Na kwa kuwa chumba ni mraba, urefu na upana vinaipandisha noti ile ile kwa pamoja. Ndiyo sababu kwenye sebule nyingi noti moja ya besi inanguruma na kuzifunika nyingine, na mwenye nyumba anailaumu redio.

Mawimbi hayo hukusanyika kwa nguvu kubwa kwenye kuta na kuzidi kwenye pembe. Desturi yetu ya kupanga makochi yakiwa yameegemea ukuta inamweka msikilizaji penye ngurumo nyingi kuliko pote, na desturi ya kuisukuma sabufa pembeni ili isichukue nafasi inaichochea ngurumo hiyo kutoka upande wa pili. Makochi ni vigumu kuyahamisha. Sabufa inahamishika. Ikiwekwa katikati ya urefu wa ukuta mmoja badala ya kwenye pembe, haitaweza tena kulichochea wimbi linalokwenda kwa urefu wa ukuta huo, na nusu ya tatizo inaondoka bila senti. Kisha spika za pembeni ziinuliwe hadi usawa wa masikio ya aliyekaa, zitenganishwe, zimwelekee msikilizaji, zisifichwe nyuma ya maua ya plastiki na picha za harusi.

Sauti nyembamba zina tatizo jingine. Sakafu ya saruji, kuta zilizopigwa lipu na dirisha lisilo na pazia zito hurudisha sauti kama ukumbi mtupu. Piga kofi moja katikati ya sebule: ukisikia mlio unaotetemeka baada ya kofi, chumba kinakula maneno ya mwimbaji. Zulia, mapazia mazito, makochi ya kitambaa na hata kabati la vitabu hupunguza mlio huo. Paa la makuti lilikuwa rafiki wa muziki kwa sababu lilimeza sauti. Bati bila dari huirudisha, na mvua ya masika ikianza kunyesha hakuna amplifaya itakayoishinda. Kwa aliyekuwa akiwaza kuweka dari, faida ya muziki iongezwe kwenye faida ya joto.

Kagua pia jambo dogo ambalo hutokea sana baada ya ukarabati: waya wa spika moja umegeuzwa, chanya imekaa penye hasi. Hapo koni moja inasukuma mbele huku nyingine ikirudi nyuma, na besi zinauana hewani. Kugeuza waya huo hakuna gharama, na mara nyingi kunaleta besi zaidi kuliko sabufa mpya. Kuhusu waya zenyewe, wa umeme wa nyumba wenye milimita za mraba 1.5 unatosha kabisa kwa mita tano. Ukinzani wake kwenda na kurudi ni kama sehemu moja ya kumi ya omu, kitu kisichosikika mbele ya spika ya omu 8. Waya zinazouzwa kwa sifa za dhahabu ziwe za mwisho kwenye orodha.

Umeme na chumvi

Mitambo ya maji ya Hale, iliyoanza mwaka 1964 ikiwa na megawati 21, na ya Pangani Mpya ya mwaka 1995 yenye megawati 68, iko jirani na Muheza. Umeme wake huingia gridi ya taifa, na ukaribu huo hauizuii nyumba ya mwisho wa laini kupata volti pungufu jioni au kishindo umeme unaporudi baada ya kukatika. Vifaa vingi hufa katika sekunde hizo. Kikinga-umeme kama kile cha friji, chenye kuchelewesha umeme kwa dakika chache baada ya kurudi, hakiongezi ubora wowote wa sauti, lakini kinalinda fedha yote iliyokwisha kutumika. Kinunuliwe kabla ya amplifaya, na kama fedha imekwisha, mwenye redio ajizoeze kuchomoa plagi umeme unapokatika.

Mtego mwingine uko kwenye vifaa vya mtumba vya Kijapani. Japani hutumia volti 100, sisi 230. Amplifaya nzuri ya Technics au Pioneer iliyotengenezwa kwa soko la kwao itaungua siku ya kwanza isipowekewa transfoma ya kushushia umeme. Redio ya FM ya vifaa hivyo nayo huanzia megahezi 76, na nyingi za zamani huishia 90, jambo ambalo kila mwenye gari la Kijapani analijua. Zilizotoka Ghuba au Ulaya kwa kawaida zinakubaliana na umeme wetu. Soma kibandiko cha nyuma kabla ya kuulizia bei.

Anayesikiliza FM kutoka Tanga mjini akiwa nyuma ya vilima vya Usambara ajaribu antena ya nje kwanza. Matangazo ya stirio yanahitaji mawimbi yenye nguvu kuliko ya njia moja. Yakifika dhaifu, kubonyeza kitufe cha mono kunaondoa mchakacho papo hapo, na kwa nyimbo za zamani zilizorekodiwa kwa njia moja hakuna kinachopotea.

Nyumba tatu

Ukiviweka vituo vyote pamoja, ushauri unagawanyika kulingana na kilichopo nyumbani. Mwenye redio kaseti ya zamani inayolia aanze na fundi: hedi, mikanda, kitasa cha sauti, skrubu ya hedi. Kisha aitumie kwa simu kupitia tundu la waya wa kuingizia sauti kama lipo. Redio za aina hiyo zilikuwa na spika za sauti ya kati zinazozishinda sabufa nyingi za leo kwa taarabu na hotuba.

Mwenye sabufa asinunue nyingine kubwa zaidi. Aihamishe kutoka pembeni, apunguze kitasa cha besi, azime kikuza besi cha simu, atafute faili safi, kisha abadilishe spika za pembeni. Fedha iliyobaki iwe ya kikinga-umeme.

Anayeanza na mikono mitupu agawe bajeti yake ili zaidi ya nusu iende kwenye jozi ya spika za mtumba zilizokaguliwa, kiasi kidogo kwenye amplifaya ya kawaida yenye wati za kweli, na kinachosalia kwenye kinga na waya. Simu aliyonayo tayari ni kisomaji kizuri.

Yupo atakayepinga kwamba haya yote ni ya mtu anayekaa kimya kusikiliza, na redio ya Muheza ina kazi nyingine. Inapiga barazani, inawaita watu kwenye kahawa, inatangaza kwamba nyumba hii ina shughuli. Pingamizi hilo lina uzito. Singeli na baikoko hazikuundwa kwa ajili ya kusikilizwa kwa kujiinamia. Kwa kazi ya nje, besi nyingi ni hitaji la kweli, kwa sababu uwanjani hakuna kuta za kuikuza na sauti hupungua haraka kadiri unavyosogea mbali. Mwenye lengo hilo anahitaji koni kubwa, spika nyepesi kuendeshwa na wati za RMS, na huenda ikawa rahisi kwake kukodi siku ya shughuli kuliko kuishi mwaka mzima na mashine ya uwanjani ndani ya futi kumi kwa kumi. Tatizo huja pale mtu anaponunua kifaa cha uwanjani kwa matumizi ya sebuleni, kisha akashangaa.

Kwa hiyo anayekwenda dukani aende na flashi yake mwenyewe, yenye wimbo mmoja anaoujua neno kwa neno, mmoja wenye besi na mmoja wenye matoazi. Amwombe muuzaji aweke vitasa vyote katikati, azime mbwembwe zote, na sauti iwe ya kiasi cha mazungumzo. Asikilize maneno kwanza, besi baadaye. Muuzaji akikataa wimbo wa mteja na kung'ang'ania wa kwake, kuna sababu, na barabara za Ngamiani zina maduka mengine.